Siku Mbili za Eusebio

Funga mlango, Cédric, halafu ukae upande wa ndani, si upande wa nje. Mireille, laza simu kifudifudi pale juu ya kabati. Mteja wako wa rasta atangoja, nywele hazikimbii. Wewe kaa upande huu wa kitanda na wewe kaa upande ule, maana nikiwalazimisha mkae pamoja mtanimaliza kabla sijafika nusu ya maneno yangu, na leo pumzi naipima kama mafuta ya taa. Mashine hii ya hewa msiiogope. Inakoroma, lakini inakoroma kwa adabu kuliko mimi nilivyokuwa nakoroma nikiwa mzima, muulizeni mama yenu, yuko jikoni anajifanya anasugua sufuria. Na hizo kelele za dirishani ni za uwanja wa farasi, leo kuna mbio. Kwa hiyo nikinyamaza katikati ya neno msiwahi kulia, pengine nasikiliza nani ameshinda.

Mimi Vénérand, baba yako Mireille, na baba mdogo wako wewe Cédric, mtoto wa kaka yangu, uliyeingia nyumba hii bila meno ya mbele na ukaniita Tonton mpaka leo, nasema haya nikiwa na akili zangu zote, hizo chache ambazo mama yenu amezilalamikia tangu tuoane. Nimekusanya maneno wiki nzima kama mtu anayefunga mizigo. Msinikatize. Mkinikatiza nitasahau, na nikisahau mtarithi upuuzi.

Tangu Pasaka hamjasemezana. Mnaishi katika fleti moja ya Greyville ambayo mtu akipiga chafya chooni anajibiwa sebuleni, na bado mmeweza, kazi ngumu, nawapongeza. "Papa, mwambie huyo chumvi iko juu ya meza." "Tonton, mwambie huyo nimeiona." Chumvi iko kati yenu, mkono mmoja unaifikia, na mimi mgonjwa ndiye nimefanywa posta. Nilicheka mara ya kwanza. Mara ya pili nilijifanya nacheka. Sasa sina hewa ya kucheka, na jambo lenyewe limeacha kuwa la kuchekesha, kwa sababu Jumamosi Mama Saturnina anashuka Durban.

Mnamjua kwa jina tu. Ni dada yake Don Eusebio, mzee wetu wa Bolivia aliyelala katika makaburi ya hapa bila ndugu wa damu hata mmoja kumtupia udongo. Anakuja na watu wa kwao, wapiga filimbi na wachezaji wa nyanda za juu za Andes, wanaozunguka nchi kadhaa, na Jumamosi watacheza katika ukumbi kule Cato Manor. Wametuomba sisi, wanafunzi wa Eusebio, tufungue pazia. Na yule mama ameomba kitu kimoja kwa mdomo wake mwenyewe: ausikie wimbo wa kupandia viazi ambao kaka yake aliondoka nao akiwa kijana. Kijijini kwao haujulikani tena. Vijana walishuka mjini, wazee walishuka kaburini. Donc, eleweni vizuri, hapa sifanyi mzaha. Duniani kote wimbo ule umebaki katika vifua vitatu, na vyote vitatu viko ndani ya chumba hiki; Dominiki na wenzetu wengine huo hawakufundishwa. Cha kwangu mnakiona, hakizimi hata kiberiti. Viwili ni vyenu, na kila kimoja kimebeba nusu. Nikiondoka mkiwa bado mnatumiana chumvi kwa posta, tutakuwa tumemzika Eusebio mara ya pili, na safari hii bila hata sanduku.

Mali nitaimaliza kwa pumzi moja, jueni ilivyo nyingi. Fleti ni ya kupanga. Kitanda hiki kitupwe, kimenitesa mgongo vya kutosha. Ile ngoma kubwa ya ngozi apewe Dominiki, Mtanzania wetu, ambaye ameikumbatia kwa miaka mingi hadi mkewe huiita mke mwenza. Maponcho, yale majoho mekundu ya sufu, yabaki pamoja, yasigawanywe, na yasioshwe kwa maji ya moto, Mireille; yalikuwa sita, na lile la sita sasa linamtosha mtoto mchanga. Sanduku langu la safari lenye gurudumu moja apewe yeyote mwenye subira. Basi. Tajiri mwingine amekwisha.

Kinachobaki ni hiki kilichofungwa kwenye kitambaa, hapa mapajani pangu, na hiki ndicho nilichowaitia.

Mnajua nilivyokipata, lakini mtasikia tena, maana toleo la mama yenu lina chumvi nyingi. Nilikuwa mlinzi wa geti kwenye ghala moja kule Clairwood. Malori yanaingia, malori yanatoka, na mimi naandika namba zake kwa heshima kubwa kama waziri anayetia saini mikataba. Akatokea mtu mfupi, mwezi wa pili, jua la Durban linakaanga lami, naye amevaa kofia ya sufu inayofunika masikio. Meli ilikuwa imemshusha akiwa mgonjwa ikaondoka zake. Yeye ana Kihispania, mimi nina Kifaransa, tukakutana katikati, yaani kwenye vidole. Akatoa begani mafungu mawili ya mianzi iliyopangwa kwa urefu. Akanyanyua moja: "Siku." Akanyanyua la pili: "Siku." Nikamwonyesha vidole viwili: siku mbili? Akafurahi mno, akatikisa kichwa mpaka kofia ikaanguka. Sasa mimi Mswahili wa Bukavu ningeelewa nini? Nikaelewa kwamba mgeni anaomba malazi ya siku mbili. Nikamleta nyumbani. Mama yenu akauliza, "Huyu anakaa mpaka lini?" Nikamjibu kwa uhakika wote wa mtu asiyejua, "Siku mbili tu, amesema mwenyewe." Alikaa mpaka tulipomzika. Na tangu hapo nikiaga kwamba naenda safari ya siku mbili, mama yenu huuliza, "Za kwetu au za Eusebio?"

Siku kwa Kiaymara, lugha ya kwao, ni filimbi hii. Na hazipigwi moja moja. Hii yenye mianzi sita inaitwa ira, inaongoza. Hii yenye saba inaitwa arca, inafuata. Sauti za wimbo zimegawanywa: ya kwanza iko huku, ya pili iko kule, ya tatu inarudi huku. Ukishika moja huna wimbo, una mapengo. Aliponipa ira peke yake nilipuliza mpaka majirani wakagonga ukuta, nikadhani chombo ni kibovu. Ndipo akaketi mbele yangu na arca, magoti yetu yakigusana, akaanza kuingia kwenye mapengo yangu. Eish. Nilikuwa mtu mzima, mwenye mke na deni la kodi ya nyumba, na nikamwomba turudie tena. Kila mahali nilipokuwa sina sauti, yeye alikuwa nayo. Kwao hewa ni nyembamba, aliniambia baadaye. Mtu mmoja akipuliza wimbo mzima huku anacheza, ataona nyota mchana na kuanguka. Kwa hiyo mmoja anapopuliza, mwenzake anavuta. Pumzi moja, vifua viwili.

Na kucheza nako tulimtesa. Ngoma ikilia, kiuno cha Mkongo kinaondoka kabla mwenyewe hajaombwa ruhusa. Siku moja, namaanisha siku ya kalenda, alisimamisha mazoezi, akamshika mwenzetu Pierre-Claver nyonga zote mbili kama fundi anayefunga bomba linalovuja, akasema kwa Kiswahili chake, "Mulima hapana iko na kiuno." Mguu uanguke na ngoma, mwili uwe mzito, pumzi itunzwe. Tulichukua miaka kuvifundisha viuno vyetu adabu, na changu mpaka leo hakijafuzu.

Ngojeni... ngojeni kidogo nivute.

Bon. Tulitembea na filimbi hizi. Maputo, Windhoek, mpaka Lyon. Yule afisa wa viza aliniuliza kwa nini Mkongo anayeishi Afrika Kusini anapeleka Ufaransa muziki wa Bolivia, nikamwambia, bwana, hata mimi huwa najiuliza asubuhi ninapopiga mswaki. Kule Lyon mtangazaji aliita kwa sauti ya kuvunja kioo, "Kutoka kilele cha Andes!" na tukatoka sisi, watu weusi watano na Eusebio mmoja. Makofi yaliinuka yakasita hewani. Mama mmoja wa mstari wa mbele alingoja rumba hadi mwisho, maskini, akiwa na mkoba wake mapajani. Lakini tulipomaliza, mzee mmoja akaja nyuma ya jukwaa, mhamiaji, mtu wa kwao Eusebio au jirani yake, sikujua. Akaichukua arca mkononi mwa Dominiki, akanitazama, nami nikaanza wimbo mmoja wa kawaida wa kwao, akanifuata. Hatukuwa na lugha hata moja ya kushirikiana. Alilia huku anapuliza, na hakukosa sauti moja. Pale ndipo nilipoacha kujiona mwizi wa nguo za watu. Kitu cha watu ukikibeba jinsi wenyewe wanavyokibeba, wenyewe watakuja kukupokea mzigo.

Na hilo linanipeleka kwa Pierre-Claver, maana sitaki kuacha kinyongo kikae ndani ya nyumba hii kama mpangaji asiyelipa. Mnakumbuka, kwao siku hupigwa kwa duara, nyuso ndani, migongo nje. Hakuna mtazamaji, anayetaka kusikia vizuri anaingia. Hoteli za ufukweni zikasema hapana, wageni wamekuja kuona sura, hawakuja kuona makalio. Eusebio alifikiri usiku kucha, asubuhi akalifungua duara likawa nusu mwezi. Akasema watu wametoka mbali, tuwafungulie mlango, lakini sisi wenyewe tusihamie barabarani. Pierre-Claver akaona haitoshi. Akaja na manyoya kichwani, yale ya sinema za cowboy, mpaka mgongoni. Eusebio akamzunguka mara moja akauliza kwa upole, "Kuku gani alikufa?" Sisi tukacheka sana, na tulicheka zaidi ya kipimo, na Pierre-Claver akaondoka na wenzetu wawili, na tangu hapo nikikutana naye kwenye robot, zile taa za magari za barabara ya chini, kila mmoja anasoma namba za magari. Mpigieni simu. Mwambieni Vénérand amesema aje Jumamosi, poncho lake lipo. Akija na manyoya, yapokeeni mlangoni kama koti la mgeni, yawekeni vizuri, na asicheke mtu.

Sasa nyinyi.

Cédric, ninajua ulisimama kwenye hoteli ile ya kaskazini mbele ya wageni wa nchi kumi, ukashika ira, na nafasi ya mwenzako iko wazi. Ulianza ukidhani atatokea. Ukapiga mapengo. Watu wakadhani ndivyo wimbo ulivyo, wengine wakatabasamu kwa huruma, na tabasamu hilo limekukaa shingoni kama mfupa wa samaki. Mireille, ninajua nawe ulikuwa umesema mapema kwamba siku ile huwezi, kichwa cha mteja kiko mikononi mwako, nusu kimesukwa, na huyu akaitikia kwa niaba yako bila kukuuliza, kwa kuwa anayeongoza amezoea kufuatwa. Wote wawili mna haki. Hilo ndilo linalonitisha. Ugomvi ambao mmoja ana kosa huisha; huu wenu ungeweza kuishi kuliko mimi.

Halafu wewe Cédric ukachukua ira na arca, ukazifunga pamoja kwa gundi na mpira, ili usimhitaji mtu tena. Na wewe Mireille ukazikuta, ukazibandua kwa mikono, na mwanzi mrefu wa arca ukapasuka. Niliusikia ukipasuka nikiwa chooni. Nilikaa mle muda mrefu, mkadhani ni tumbo.

Sikiliza Cédric, huko kwao wapo wanaozifunga na kupiga peke yao, na wanapiga vizuri kushinda sisi sote. Eusebio mwenyewe aliwapenda. Mianzi haikunikera. Kilichonikata ni kwamba ulizifunga ukinuna, na ukapiga vizuri. Nilisikia kupitia ukuta, vizuri kabisa, wimbo mwingine mzima, si huu wa viazi, na mwisho wake ukakohoa kama mimi. Na wewe Mireille, ulipozitenganisha hukusema "tupige." Ulisema, "Sasa kila mtu abaki na chake." Maneno hayo nimelala nayo tangu Pasaka.

Nimeushona ule mwanzi. Uzi na nta. Dominiki alishika taa, mimi nilishika sindano, nikijichoma kila mara, akaniambia, "Kaka, hata cherehani ingekuonea huruma." Sauti yake imebadilika kidogo, ina mkwaruzo. Msijaribu kuuondoa.

Fungueni kitambaa. Pamoja, kila mtu upande wake.

Mireille, shika hii yenye sita. Ndiyo. Hiyo ni ira. Na wewe Cédric, pokea hii yenye saba.

Najua. Najua nimegeuza. Usinitazame hivyo, Cédric, dawa hazijapanda kichwani. Tangu ukiwa mtoto umeongoza, hukuwahi kujua kungoja kunavyochosha kuliko kupuliza. Ngoja sasa. Na wewe Mireille, miaka yote umenilalamikia, "Papa, huyu anakimbia, huyu anakimbia." Ongoza tuone kama wewe hutakimbia. Unasema nini? Siku mbili mpaka Jumamosi hazitoshi? Mwanangu, mimi mwenyewe nina hizo hizo, tena sina hakika na ya pili. Lakini sikieni siri yake, haina ugumu: kila mmoja wenu anaijua tayari nusu ya mwenzake. Umeingia kwenye mapengo yake tangu utoto, huwezi kuingia kwenye pengo bila kujua kuta zake ziko wapi. Isikilizeni kichwani. Ipo. Na mkishaipata, kila kifua kitakuwa na wimbo mzima, na hata mmoja wenu akigongwa na taksi...

Hapana. Acha, Mireille, usiguse mashine. Iko sawa. Ni mimi.

Nasema haraka. Nikifa kesho, msiifute Jumamosi. Mimi naweza kungoja Jumatatu, sina pa kwenda. Mama Saturnina ana ndege. Mnizike kwa suti ya bluu, bila poncho, nisije nikaulizwa maswali kwa Kiaymara nikaaibika mbele ya Eusebio. Mchungaji Ntakirutimana aombwe aseme kwa ufupi. Hataweza, lakini aombwe. Mama yenu asiachwe peke yake jioni... jioni ndiyo mbaya. Na ule wimbo, yule mama akitaka kuondoka nao, apewe wote. Mfundisheni pale pale. Akisahau, mpigieni simu mumpulizie. Ni wake. Sisi tulikuwa tunautunza tu.

Kwenye jukwaa, anzeni kwa duara. Nyuso ndani. Wageni wangoje kidogo. Halafu... halafu fungueni.

Njooni karibu. Inameni, mikono haifiki. Cédric, kichwa. Mireille. Mungu awape pumzi, wanangu, na awape mtu wa kuipokea kabla haijaisha. Asiwape wimbo wa kumaliza peke yenu. Amina... semeni amina, sina nguvu ya kusema zote.

Sasa. Mireille, anza.

...Taratibu. Hukimbizwi.

Bado, Cédric. Bado, hiyo ni yake. Mwache amalize... Sasa wewe.

Umekosea. Sawa. Ingia tena.

...Ndiyo. Huo mkwaruzo... ndiyo.

Hapana, msinitazame mimi. Tazamaneni.